Miaka Minne ya Amerika, Mitatu ya Uingereza

Nimeachia meza mwezi uliopita, macho yamekwisha. Siku ya kuniaga mlininunulia biskuti, mkanipa kiti cha mbele, mkaniomba niseme neno. Nilisema asanteni, nikakaa. Mkadhani ni unyenyekevu. Neno nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa mbele ya Bwana Elimu na mkewe huku watu wameshika vikombe vya chai. Basi naliandika hapa, kwenu makarani mnaokalia sasa kile kiti changu cha mguu uliopinda. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila mmoja wenu atakutana na vyake.

Niliingia ofisi ya elimu hapa Mwanza miaka michache baada ya Mwingereza kushika nchi, reli ikiwa bado haijafika. Nilikuwa na miaka ishirini, suruali moja ya kaki, na imla safi kuliko wote niliosoma nao shule ya misheni, isipokuwa mtu mmoja ambaye nitamfikia.

Siku ya kwanza sikuandika hata herufi moja. Karani mkuu alikuwa Mgoa, Bwana Furtado, mtu mfupi wa tai nyeusi aliyekwenda kanisani kila asubuhi kabla ya kazi. Alinitazama mikono, akanionyesha beseni.

"Nawa."

Nilinawa. Akaninusa vidole kama daktari wa mifugo.

"Umekula samaki. Nawa tena. Mkono wenye mafuta haugusi cheti cha mtu. Cheti ni maisha yake, wewe Lazaro. Ukikitia doa, umemtia doa yeye."

Siku ile nilinawa mara nne. Siku ya pili alinifundisha kaboni, ile karatasi ya kunakilia, kwamba upande unaong'aa hutazama chini, na kwamba karani akikosea hapo hupata barua iliyoandikwa kinyume mgongoni mwa karatasi yake mwenyewe, na watu humcheka mwaka mzima. Siku ya tatu, tapureta. Msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi, hupenya mpaka ndani ya mashine, na herufi e ndiyo ya kwanza kunata. Msiilaumu mashine. Fungueni kifuniko, brashi ya meno, mafuta ya taa kidogo, ngojeni ikauke. Hilo ndilo fundisho langu moja ambalo halijawahi kumdhuru mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa vyeti. Kila aliyetaka kufundisha, awe wa shule ya Wahindi, ya misheni au ya serikali, alileta cheti chake. Mimi nilikinakili, nikakilinganisha na orodha ya serikali ya vyuo vinavyotambuliwa, nikaandika kwenye kipande cha karatasi mstari mmoja: kinatambuliwa, au hakitambuliwi. Bwana mkubwa, yule tunayemwita Bwana Elimu, akatia sahihi. Mtu alisoma miaka mingapi, alilala na njaa mara ngapi, yote yaliishia kwenye mstari ule.

Orodha ilikuwa fupi na dunia ni kubwa, kwa hiyo Bwana Furtado alikuwa na daftari lake mwenyewe la jalada jeusi alimoandika mambo ya digrii za nchi mbalimbali. Alinisomea mchana mmoja wa mvua, hakuna mtu ofisini.

"Sikia. Uingereza, kijana anakaa shule mpaka miaka kumi na minane, kumi na tisa. Masomo yake mawili matatu ameshayachimba mpaka chini. Anaingia chuo, miaka mitatu, anatoka na B.A. Uskochi wanaingia wadogo zaidi, wanakaa minne, na digrii yao ya kwanza wanaiita M.A."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza! Na kuna vyuo viwili vya kale hukohuko Uingereza, unapata B.A. yako, unakaa nyumbani miaka kadhaa, unalipa ada, unapewa M.A. bila kufungua kitabu. India ni minne, imekatwa katikati. Miwili, mtihani. Miwili, mtihani. Ukianguka ule wa mwisho unaandika 'B.A., alianguka', na bado watu wanakuheshimu, maana umefika mlangoni. Amerika minne, wanasoma kila kitu kidogo kidogo, mpaka kuimba."

"Sasa ipi ndiyo digrii ya kweli, Bwana Furtado?"

"Ya kweli ni iliyo kwenye orodha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa na cheti cha shule ya Wareno kule Goa, miaka saba ya Kilatini na hesabu, ambacho kwenye orodha ya Waingereza hakikuwapo. Ndiyo maana alikuwa karani.

Sasa yule mtu wa imla. Ezra Magesa, Mjita. Tulikalia benchi moja tangu wakati wa Mjerumani, na Kiingereza tulikifukuzia pamoja baadaye, tukiibiana kamusi moja. Mimi nilipoingia ofisini yeye alibaki kufundisha misheni. Mwaka mmoja hivi kabla ya reli, mzungu wake wa misheni, Mwamerika, alipokuwa anakwenda kwao likizo, alimchukua. Tuliagana gatini. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye blanketi. Nikamwambia, "Ukirudi utatusalimia kweli wewe?" Akasema, "Nitakusalimia kwa Kilatini."

Alikaa miaka minane. Huko walimwambia shule yetu ya misheni haihesabiki, wakamrudisha akae miwili na wavulana wa ndevu changa. Kisha minne ya chuo, chuo cha watu weusi upande wa kusini. Kisha miwili kiwandani akitafuta nauli. Alishuka kwenye meli ya Kisumu amevaa koti la kahawia lisilofaa kwa jua letu, mkononi ana bomba la bati. Alinishika mabega yote mawili, akanisalimia kwa Kilatini. Sikuelewa hata neno moja, nikacheka kwa furaha. Niandike ukweli: ilikuwa furaha, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kidogo, kama kokoto kwenye kiatu. Miaka yake yote minane mimi nilikuwa nanakili vyeti vya watu. Na cha rafiki yangu kimefika.

Asubuhi iliyofuata alikuja ofisini kuomba kufundisha shule ya serikali. Bwana Furtado alinawa mikono kabla ya kufungua lile bomba. Ndani mlikuwa na karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, maneno yote ya Kilatini. Aliyasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma misa. Alipomaliza alisimama akampa Ezra mkono. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kwa ajili ya Mwafrika, wala kwa Mhindi, na kwa Wazungu alisimama nusu.

"Digrii ya kwanza ya sanaa," alisema. "Wenyewe wanaandika A.B., Kilatini kinatangulia. Ni kitu kilekile cha B.A."

Tukaipeleka ndani. Bwana Elimu wa wakati ule alikuwa na M.A. ya namna ile ya kulipia na kungoja. Aliitazama karatasi, akaanza kucheka.

"A.B.? Kwetu A.B. ni baharia anayejua kufunga kamba!"

Nikacheka. Mnajua kicheko cha karani, bwana akicheka nawe unacheka, kabla hujajua kilichochekwa. Mlango ulikuwa wazi, na Ezra alikuwa kwenye benchi pale nje.

Kisha Bwana Elimu akatoa hoja yake, na ilikuwa na mpango mzuri. Shule za Amerika, alisema, zinaishia pale ambapo za Uingereza zinaanza kuwa ngumu. Miaka miwili ya kwanza ya chuo chao ni darasa letu la mwisho la shule. Toa miwili kwenye minne, inabaki miwili. Digrii ya Uingereza ni mitatu. Kwa hiyo hii si digrii. Akaniamuru niandike kwamba Ezra Magesa ahesabiwe kama mtu aliyemaliza shule ya sekondari, na kwamba anaweza kupokewa kuwa mwalimu wa daraja la pili baada ya kukaa mwaka mmoja chuo cha ualimu. Niliipiga barua ile mwenyewe. Haina kosa hata moja la chapa.

Ezra aliisoma wiki chache baadaye, akiwa amesimama mbele ya meza yangu.

"Hata kwa hesabu yake mwenyewe inabaki miwili," alisema. "Miwili yangu imekwenda wapi, Lazaro?"

"Ndivyo orodha ilivyo, ndugu yangu."

Alikuwa na mama mzee na mke aliyemwoa juzi. Akakubali. Akaenda kukaa mwaka mzima na vijana waliomwita baba, akifundishwa namna ya kushika chaki.

Bwana Furtado alistaafu katika miezi ileile, akarudi Goa. Aliniachia daftari jeusi. Wiki tatu hivi baada ya kuondoka kwake nilifungua mfuko wa posta kama kila siku, na ndani mlikuwa na waraka kutoka Dar es Salaam. Naukumbuka kuliko sala. Ulisema kwamba digrii za nchi nyingine zisikataliwe mikoani. Kila moja ipelekwe makao makuu pamoja na orodha ya masomo na saa zake, ilinganishwe somo kwa somo, na zile zilizokwisha kukataliwa zipelekwe nazo.

Nikaupeleka ndani. Bwana Elimu aliusoma, akatia herufi za jina lake, akaandika pembeni kwa penseli: Weka faili. Hapa hatuna kesi ya namna hii.

Nilisimama pale. Nikasema, "Bwana, yupo Magesa."

Akaniangalia juu ya miwani. "Magesa nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyesahau, na nadhani kweli alikuwa amesahau. Ilikuwa nimjibu kwa maneno matatu. Yule wa Amerika. Basi.

Nikasema, "Samahani, Bwana. Nimechanganya."

Nimetafuta sababu tangu siku ile. Mwaka uliotangulia karani mmoja alifukuzwa kwa kumwambia mwombaji kilichomo kwenye faili lake, hiyo ni sababu. Nilikuwa na watoto wawili, ni sababu pia. Lakini kokoto ile ya kiatuni nayo ilikuwapo. Nikatoka, nikatoboa waraka matundu mawili, nikaufunga kwenye faili la Ezra Magesa, mahali pake hasa. Faili safi. Bwana Furtado angenisifu kwa mpango, kisha angeniambia nikanawe.

Ezra hakukaa kimya. Aliposikia kwamba chuo kikuu kimoja cha London kinatahini watu wa mbali kwa njia ya posta, alisema, "Wakitaka ya Uingereza, nitawapa ya Uingereza." Ilibidi aanze chini kabisa, mtihani wa kuingilia, mtu wa zaidi ya miaka thelathini mwenye digrii ukutani. Vitabu vilikuja kwa meli, kisha kwa treni, miezi mitatu njiani. Mimi nilivipokea kwenye anwani ya ofisi ili visipotee. Nilimtafutia chumba cha kufanyia mtihani, nikakaa mlangoni kuzuia kelele. Siku moja mkewe, Perisi, aliniletea kikapu cha viazi. Akasema, "Shemeji, bila wewe huyu angekata tamaa." Nikapokea viazi. Tukavila nyumbani kwangu.

Alishinda mtihani wa kuingilia. Miaka miwili baadaye akashinda ule wa kati. Alikuwa anafundisha mchana kutwa watoto tisini, kisha anasoma. Mwaka wa pili wa vita akafanya wa mwisho, siku sita mfululizo, katika chumba chetu cha kuwekea ramani. Alitoka amekonda, anacheka. "Lazaro, nimeandika. Hata wakininyima, mimi najua nimeandika." Bahasha ilifungwa kwa lakiri mbele yangu.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Barua fupi, ya adabu sana. Meli iliyobeba karatasi zake ilizamishwa baharini. Anaruhusiwa kurudia.

Niliogopa atalia. Akasema tu, "Basi insha zangu zinasomwa na samaki," akaikunja, akarudi darasani kwa sababu kengele ilikuwa imegonga. Hakurudia. Perisi aliniambia alianza kukaa uwanjani jioni bila kitabu, mikono magotini, kama mtu anayengoja gari pasipo barabara.

Mwaka uleule shule yake ikapata mkuu mpya, kijana wa Kiskochi ambaye jeshi lilimkataa kwa ajili ya mapafu. M.A., umri miaka ishirini na minne. Wazazi walisema, huyu ana M.A., lazima ajue kuliko Magesa. Sasa niwaambie jambo la kijana yule. Siku moja aliiona karatasi ya Ezra, akamwuliza habari zake, akapanda mpaka ofisini kwetu na kofia mkononi. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Bwana, digrii yangu ni ya kwanza, kama yake. Nilikaa miaka minne, kama yeye. Tofauti ni herufi tu. Kwa nini mimi ni mkuu wake?"

Bwana Elimu akamjibu kuwa orodha ni orodha. Kijana akasema, "Lazima kuna mahali pa kukata rufaa." Akajibiwa hapana. Alipotoka alipita mbele ya meza yangu, akanisalimia. Faili lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Mgeni wa mwezi mmoja alikuwa amesema ambayo rafiki wa utotoni hakuyasema. Nikamjibu salamu yake.

Mwishoni mwa mwaka ule Ezra aliacha shule ya serikali. Akavuka kwenda kwa wakwe zake, upande wa Sengerema, akawa anafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kwenye shule ndogo ya misheni. Nilimwona mara mbili au tatu tu, sokoni.

Vita vikaisha, wakubwa wakabadilika. Miaka michache baadaye ikaja orodha mpya, nene, na ndani yake mlikuwa na vyuo vya Amerika, na kile cha Ezra kilikuwamo. Bwana Elimu mpya, huyu mliyemkuta, aliniamuru nitoe mafaili yote ya watu waliokataliwa. Alilifungua la Ezra. Chini ya barua ya kwanza akaukuta waraka.

"Huu ulikuwapo muda wote huu? Nani aliupokea?"

"Mimi, Bwana."

"Mbona haukufuatwa?"

"Uliandikwa uwekwe faili, Bwana."

Akatikisa kichwa kukubali. Katika ofisi hilo ni jibu kamili. Ninyi mtalitumia mara nyingi na hakuna atakayewauliza swali la pili. Ndiyo maana naandika haya. Swali la pili litakuja siku nyingine, kutoka kwa mtu asiye bwana wenu, na hamtakuwa na faili la kulifungia.

Akatia sahihi barua ya kuitambua digrii. Nikaomba niipeleke mwenyewe.

Nilivuka kwa mashua mpaka Kamanga, nikatembea zaidi ya saa mbili kwenye mashamba ya pamba. Nilimkuta Ezra ameketi nje ya nyumba anasahihisha slati za watoto, kichwa kimeingia mvi. Alifurahi kuniona. Perisi alipiga kigelegele, akakimbilia jikoni.

Aliisoma barua mara moja.

"Inatambuliwa kuanzia tarehe ya barua hii," alirudia. "Nina miaka arobaini na sita, Lazaro. Nifanye nini nayo?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi. Lakini nilikuwa nimetembea njia nzima nikisema maneno yale, na yalinitoka yenyewe. Nikamwambia habari ya waraka. Nikamwambia penseli, na Magesa nani, na nimechanganya. Nikamwambia na habari ya kokoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka gani?"

"Uleule wa kurudi kwako. Ukiwa chuo cha ualimu."

"Kabla ya London?"

"Kabla ya London."

Alichukua slati iliyobaki, akaisahihisha, akaiweka juu ya nyingine. Perisi akaleta ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Ezra aliinuka, akachukua birika, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Tulikula. Aliniuliza watoto wangu wako wapi siku hizi, nikamwambia, akasema vizuri. Alinisogezea kichwa cha samaki kama anavyosogezewa mgeni.

Tulipomaliza nikasema niiwahi mashua. Nikasimama, nikachukua kofia. Perisi alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akatutazama mmoja mmoja.

"Baba, shemeji anaondoka. Humsindikizi?"

Ezra hakuinua kichwa.

"Njia anaijua."